Imeili ya kazini imegoma simuni? Usianze kwa kufuta akaunti

Jumatatu moja asubuhi, jengo letu la Posta, Dar es Salaam, likiwa bado halijachangamka, mama mmoja wa uhasibu alifika mezani kwangu, kitengo cha IT, akanikabidhi simu kabla hata hajavuta kiti. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hii imeili imegoma tangu Ijumaa. Nimeifuta ili niiweke upya, sasa inakataa nenosiri, na zile za zamani sizioni hata moja."

Nilipoingia kwenye seva, kompyuta inayohifadhi barua za ofisi, nikajua tumechelewa. Aliyemwekea akaunti ile miaka ya nyuma alichagua POP, njia ya zamani inayoshusha barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kifaa na, usipoiagiza ibakize nakala, inazifuta kule zilikotoka. Proforma, hati za malipo na mazungumzo na wateja ya miaka miwili vilikuwa vinakaa ndani ya simu ile peke yake. Alipoiondoa akaunti, viliondoka nayo. Tulichookoa ni zile barua ambazo wenzake walikuwa wamenakiliwa.

Tangu siku hiyo, kila anayenijia na simu namwomba jambo moja: akaunti usiifute mpaka ujue kilichokwama ni nini. Kufuta na kuweka upya huwa kunasaidia, nami nitafika huko, lakini ni hatua ya mwisho. Watu wengi wanaifanya ya kwanza kwa sababu fundi fulani aliwahi kuwafanyia hivyo na ikapona.

Ijaribu kwanza kwenye kivinjari

Zima Wi-Fi, washa data ya laini yako, fungua kivinjari kwenye simu hiyohiyo na uingie kwenye barua pepe kupitia wavuti. Wenye Microsoft 365 wanaingia outlook.office.com, wenye Google wanaingia mail.google.com. Kampuni nyingi za hapa mjini zenye anwani ya .co.tz kwenye seva ya kukodi huwa na ukurasa unaoanza na neno webmail, ikifuatiwa na nukta na kikoa cha kampuni, yaani lile jina linalofuata @ kwenye anwani yako.

Ukiingia na kuziona barua mpya, akaunti iko hai na nenosiri ni sahihi. Tatizo liko kwenye simu au kwenye programu. Ukikataliwa hapo, achana na simu kwanza: nenosiri linalokataliwa kwenye kivinjari litakataliwa kila mahali, hata uiweke akaunti upya mara kumi.

Ukurasa usipofunguka, fungua tovuti nyingine yoyote. Zile nyingine zikifunguka na ya kampuni ikagoma, tatizo ni seva au kikoa. Kwa kampuni ndogo naliona hili karibu kila mwaka: ada ya kikoa imepita tarehe kwa sababu kikumbusho kilitumwa kwa mfanyakazi aliyekwishaondoka. Zisipofunguka zote, angalia bando, na hapa angalia vizuri. Kuna vifurushi vya mitandao ya kijamii peke yake. WhatsApp inapita, picha zinafunguka, nawe unaamini una intaneti, kumbe imeili haina njia ya kupita.

Kama inagoma ukiwa kwenye Wi-Fi lakini inakubali kwa data, basi ni Wi-Fi. Hotelini na migahawani mara nyingi kuna ukurasa wa kujiandikisha ambao hujaukubali bado, na simu huonyesha alama ya kuunganishwa huku hakuna kinachopita. Ofisi nyingine zina seva inayofikika ndani ya jengo tu, au kwa VPN, yaani programu inayokuingiza kwenye mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Kama yako ni hivyo, VPN iwe ile mliyowekewa na ofisi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao wazisajili, kwa hiyo usijipakulie ya bure kutoka popote ukapitishia barua za mwajiri wako humo.

"Nenosiri ni sahihi, lakini simu inalikataa"

Anza na kidogo. Jina la mtumiaji kwenye seva nyingi ni anwani nzima, pamoja na @ na kinachofuata, si jina lako tu. Kibodi ya simu hupenda kuanza na herufi kubwa, na ukibofya neno inalokupendekezea inaongeza nafasi tupu mwishoni. Nafasi hiyo huioni, ila seva inaiona. Futa, andika herufi kwa herufi, bonyeza alama ya jicho usome ulichoandika.

Kama hilo si tatizo, huenda ni umri wa programu. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuizima njia ya zamani ya kuingia kwenye barua pepe za Microsoft 365, ile ya simu kuchukua jina na nenosiri na kuvipeleka moja kwa moja kwenye seva. Google ilifanya jambo linalofanana kwa akaunti binafsi tarehe 30 Mei mwaka huohuo. Siku hizi programu inatakiwa ikufungulie ukurasa wa Microsoft au wa Google wenyewe, uingie humo, kisha ukurasa huo uipe simu kibali. Kwa hiyo kama simu yako inakuletea visanduku viwili tu, jina na nenosiri, na akaunti ni ya Microsoft 365, unaweza kuliandika nenosiri sahihi mpaka jioni bila kufanikiwa. Sasisha programu, au tumia Outlook au Gmail ya sasa, na unapoongeza akaunti chagua aina yake halisi badala ya lile chaguo la "nyingine".

Kwa Google yapo pia manenosiri ya programu, ya herufi 16, yanayotolewa ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili. Yanasaidia kwa programu zisizojua njia mpya. Lakini akaunti ikiwa ya kampuni, msimamizi anaweza kuwa ameyafunga.

Kisha kuna hili, ambalo limenichukulia muda kuliko yote. Kaka mmoja wa mauzo alibadilisha nenosiri Alhamisi kama kanuni za ofisi zinavyotaka. Akabadilisha kwenye kompyuta, akabadilisha kwenye simu, kila kitu sawa. Ijumaa asubuhi akafika kazini amefungiwa akaunti. Tukamfungulia, akafanya kazi vizuri mchana kutwa. Jumatatu asubuhi, amefungiwa tena. Jumanne vilevile. Tukabadilisha nenosiri upya tukidhani kuna mtu analijaribu, na kwa kweli kulikuwa na kitu kinalijaribu. Nikamuuliza ana kifaa kingine chochote. Hapana. Nikamuuliza simu aliyokuwa nayo kabla ya hii iko wapi.

"Ile? Nilimpa mtoto, anaangalia katuni."

Mtoto akitoka shule kule Mbagala anaiwasha, mama yake anamrushia hotspoti, na simu ile, yenye akaunti ya baba na nenosiri la zamani, inaanza kubisha hodi kwenye seva ya ofisi. Inakataliwa, inarudia, inakataliwa. Seva inahesabu makosa, na ikifika kiwango chake inaifunga akaunti kwa usalama. Kilichotuonyesha njia ni saa: akaunti ilikuwa inafungwa jioni, saa ambazo yeye mwenyewe hata kompyuta hajaigusa. Tulimpigia mkewe, akaiondoa akaunti kwenye simu ile, na mchezo ukaishia hapo.

Kwa hiyo ukifungiwa mara kwa mara baada ya kubadilisha nenosiri, tafuta kifaa cha zamani: tableti kabatini, simu uliyomwachia mdogo wako, kompyuta ya nyumbani. Na siku unapobadilisha nenosiri, izime data ya simu kwanza, badilisha kwenye kompyuta, kisha washa data na uandike jipya mara moja.

Msimbo wa kuthibitisha hauji, au unakuja na kukataliwa

Usipokuja, jiulize umeenda laini gani. Wengi walijiandikisha kwa namba ambayo hawaitumii tena, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake ikapewa mtu mwingine. Msimbo wako basi unasomwa na mtu usiyemjua. Hili mwambie IT leo, hata kama imeili yako haina shida yoyote sasa hivi.

Ukitumia programu ya kuzalisha misimbo na kila msimbo unakataliwa, tazama saa ya simu. Tarakimu zile sita zinatengenezwa kutokana na wakati na hubadilika kila sekunde 30. Simu iliyozimika kwa chaji kuisha, ikawashwa bila mtandao na kubaki na saa ya mwaka mwingine, itakupa tarakimu zisizolingana na za seva. Fungua Mipangilio, ingia Tarehe na saa, ruhusu saa ijiweke yenyewe kutoka kwenye mtandao. Dakika moja, na umemaliza.

Na ukinunua simu mpya, usiiuze ya zamani wala kuifuta mpaka uhamishe programu hiyo. Kuhamisha laini peke yake hakuhamishi misimbo.

Simu inasema muunganisho si salama, au cheti hakiaminiki

Tahadhari hii msiizoee. Ukiiona kwenye Wi-Fi ya hotelini, usibonyeze kukubali, toka kwenye Wi-Fi hiyo. Huenda kuna kitu kimejiweka kati yako na seva.

Ikitokea hata kwa data, saa ya simu tena ndiyo ya kwanza kuangalia, maana cheti, yaani hati inayoithibitishia simu kwamba seva ni ile yenyewe, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na simu iliyo mwaka 2015 itaona cheti cha leo hakijazaliwa. Ya pili ni jina la seva. Kwenye seva za kukodi, umeandika mail na jina la kampuni, lakini cheti kimeandikwa jina la mwenye seva. Mwombe mtoa huduma jina lililo kwenye cheti uandike hilo. Ya tatu ni cheti kilichopitwa na wakati: vile vya bure vya Let's Encrypt vinadumu siku 90 na vinatakiwa kujihuisha vyenyewe, na visipojihuisha ofisi nzima italalamika siku moja. Ya nne ni simu yenyewe kuwa nzee. Android iliyo chini ya toleo la 7.1.1 haikitambui cheti mama cha Let's Encrypt, na hapo hakuna mpangilio wa kugeuza, ni kubadilisha simu au kusoma barua kwa kivinjari kinachobeba vyeti vyake chenyewe.

Zinaingia vizuri, lakini ninazotuma haziondoki

Fungua kisanduku cha zinazosubiri kutumwa. Mara nyingi utakuta moja nzito imekaa mlangoni na nyingine zimepanga foleni nyuma yake. Mkataba uliopigwa picha kurasa 12 kwa kamera ya simu, kila ukurasa MB 4, hautapita kirahisi. Gmail inaishia MB 25, na baadhi ya seva za kampuni ziko chini ya hapo. Tena kiambatisho kikishafungwa ndani ya imeili huongezeka uzito kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo faili la MB 20 unaloliona linaweza kukataliwa na seva ya MB 25. Ifute au ipunguze, foleni itatembea.

Kama hakuna nzito, angalia mipangilio ya kutuma, ambayo ni tofauti na ya kupokea. Kupokea kwa IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva tofauti na POP, ni mlango ("port") 993. Kutuma ni 465 au 587, na uwashe sehemu inayosema seva ya kutuma inahitaji jina na nenosiri, ambayo watu huiacha tupu. Ukikuta mtu alikuwekea mlango 25, ubadilishe. Mitandao mingi inauzuia kwa sababu ya barua taka. Hii ndiyo sababu imeili inatoka ukiwa ofisini na kukwama ukifika nyumbani.

Ikiwa ni kinyume chake, unatuma lakini hupokei, na wateja wanakwambia barua zao zinarudi, basi huenda kisanduku kimejaa. Futa kubwa za zamani kupitia kivinjari, kisha ufungue folda ya takataka uimwage pia, maana zilizomo zinaendelea kuhesabiwa.

Zinaingia kwa mafungu, au mpaka nifungue programu

Hili ndilo lalamiko la simu nyingi zinazouzwa Kariakoo, na hakuna kilichoharibika. Simu inaokoa betri. Watengenezaji wanajua tunapenda simu inayokaa na chaji siku mbili, hasa umeme unapokatika, kwa hiyo wameiwekea msimamizi mkali anayezifunga programu usizozitazama. WhatsApp mara nyingi wameshaipa ruhusa tangu kiwandani. Outlook hawakuipa.

Ingia Mipangilio, Programu, tafuta programu yako ya barua, fungua Betri, uiruhusu itumie betri bila kuzuiwa ikiwa nyuma ya pazia. Kwenye simu nyingine kuna ruhusa ya pili, ya programu kujiwasha yenyewe simu inapowaka, nayo iwashe. Kisha angalia Kiokoa Betri na Kiokoa Data. Cha pili kinasahaulika sana: mtu anakiwasha siku bando limebaki kidogo, ananunua jingine, na kinabaki kimewashwa miezi sita. Kama unakitaka kibaki, kiambie kiiruhusu imeili peke yake. Sasisho kubwa la mfumo huweza kuyarudisha haya yote yalivyokuwa, kwa hiyo simu ikijisasisha Jumamosi na Jumatatu barua zikachelewa, rudi hapahapa.

Ziko pia zile programu za kusafisha simu na kuiongezea kasi. Unapozibonyeza zikasema zimefunga programu 14, moja ya hizo 14 ilikuwa inakusubiria imeili. Ziondoe. Android haizihitaji.

Kwenye iPhone ni habari nyingine. Programu ya Mail hupokea za Exchange, mfumo wa Microsoft wa barua za ofisi, papo kwa papo, lakini za Gmail huzifuata kwa ratiba. Ratiba iko kwenye mipangilio ya akaunti za Mail, palipoandikwa "Fetch New Data". Ikiwa imeachwa kwenye chaguo la kujiendesha yenyewe, simu itazifuata barua ikiwa kwenye chaja na kwenye Wi-Fi. Dada mmoja aliniambia imeili zake "zinaingia usiku tu nikiwa nimelala", na alikuwa amesema kweli kabisa: usiku ndiyo simu yake inachajiwa na iko kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Weka kila dakika 15, au tumia programu ya Gmail yenyewe.

Na kama barua mpya zinaonekana ila za miezi mitatu iliyopita huzioni, tafuta mpangilio wa siku za kusawazisha. Barua hazijapotea, simu imeagizwa kushusha za siku 30 tu. Ongeza, lakini ukiwa kwenye Wi-Fi.

Imeili ziko sawa, kalenda tupu

Barua na kalenda ni abiria wawili wanaoonekana kusafiri pamoja, na mara nyingi kila mmoja yuko kwenye basi lake. IMAP na POP hubeba barua peke yake. Kama akaunti yako iliwekwa kwa IMAP, kalenda haitakuja kamwe, hata ungesubiri mwaka. Kwa Microsoft 365 au seva ya Exchange ya ofisini, iongeze akaunti kama Exchange, ambayo inaleta barua, kalenda na majina ya watu kwa pamoja. Kwa Google, iongeze kama akaunti ya Google. Kwa seva za kukodi, kalenda ikiwepo huletwa na CalDAV, njia ya kusafirisha kalenda, na Android inahitaji programu ya ziada kuisoma, wakati iPhone inayo tayari.

Kama aina ni sahihi, fungua Mipangilio, Akaunti, bofya ile ya kazi na utazame usawazishaji: kuna swichi ya barua, ya kalenda na ya majina, kila moja peke yake. Kisha ingia ndani ya programu ya kalenda, fungua menyu, uone kama kalenda ya kazi imewekewa alama. Inaweza kuwa inasawazishwa vizuri na imefichwa tu. Kisha ruhusa: siku ya kwanza simu ilikuuliza kama programu iruhusiwe kuona kalenda, ukabonyeza kukataa kwa sababu ulikuwa na haraka.

Wanaotumia Outlook wajue kwamba kalenda yake iko ndani ya Outlook. Ukifungua kalenda iliyokuja na simu usishangae kuikuta tupu. Kwenye Android unaweza kuiagiza Outlook ipeleke matukio huko, kwa swichi iliyo kwenye mipangilio ya akaunti. Kwenye iPhone, ongeza akaunti pia kwenye mipangilio ya simu yenyewe. Na ukiwa na kalenda ya Google inayoshirikiwa na timu nzima, kalenda ya iPhone haitaionyesha mpaka uichague kwenye ukurasa calendar.google.com/calendar/syncselect. Ukurasa huo hakuna menyu ya simu inayokupeleka. Ndiyo maana naandika anwani nzima.

Linalouma zaidi ni hili: unaandika mkutano simuni, bosi wako hauoni. Ulipobonyeza kuongeza tukio, simu iliuweka kwenye kalenda yake chaguo-msingi, ambayo ni Gmail yako binafsi au kumbukumbu ya simu yenyewe. Kila tukio lina mstari unaoonyesha kalenda yake, mara nyingi wenye kidoti cha rangi. Usome kabla ya kuhifadhi, na kwenye mipangilio ya programu ibadilishe chaguo-msingi iwe ya kazi. Matukio yaliyokaa kwenye kumbukumbu ya simu hayana nakala popote. Simu ikidondoka kwenye maji pale pantoni, yameenda.

Mkutano umehama saa

Ukihama kwa tofauti ya saa sita kamili, hitilafu si ya mtandao. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Mtu anaambiwa kikao ni saa tatu asubuhi, anaandika 3:00, na simu inampigia kengele saa tisa usiku kasoro robo nyumba nzima imelala. Au saa nane mchana inaandikwa 8:00, na wenzake wanapata mwaliko wa saa mbili asubuhi. Saa tatu asubuhi ni 9:00, saa nane mchana ni 14:00. Iweke simu kwenye mtindo wa saa 24, makosa haya yatapungua sana, kwa sababu 14:00 huwezi kuichanganya na kitu kingine. Na kwenye kichwa cha mwaliko andika saa kwa maneno: "Kikao cha bajeti, saa nane mchana". Kalenda ikisema kingine, kila mtu ataliona kosa kabla ya siku.

Ukihama kwa tofauti ya saa moja, na unafanya kazi na watu wa Uingereza, simu iko sahihi. Dar es Salaam haibadilishi saa, tuko mbele ya saa za Greenwich kwa saa 3 mwaka mzima. London husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikao chao cha 9:00 huwa saa tano asubuhi kwetu kwenye miezi ya joto yao, na saa sita mchana kwenye miezi ya baridi. Usiuburute ukautie saa ya zamani, utakuwa peke yako kwenye kikao.

Ukihama kwa saa nyingine, au vikao vyote vimehama kwa pamoja, angalia saa za eneo. Zinatakiwa ziwe za Afrika Mashariki, Dar es Salaam au Nairobi, ni zilezile. Angalia simu, halafu angalia na akaunti kwenye kivinjari: akaunti nyingi za kampuni zilifunguliwa kwa saa za Marekani na hakuna aliyezibadilisha. Mialiko unayoipanga kutoka huko itatoka imepinda hata simu yako ikiwa imenyooka.

Simu yako, masharti ya ofisi

Ukipata barua moja tu inayosema kifaa chako kimewekwa kizuizini, kisha kimya, hujakosea kitu. Msimamizi anatakiwa akiruhusu, mpigie. Na ukiongeza akaunti ya Exchange, simu inaweza kukuomba uweke namba ya siri ya skrini na kumpa msimamizi mamlaka fulani. Soma kabla ya kukubali. Kwenye baadhi ya mipangilio mamlaka hayo yanahusisha kuifuta simu nzima kutoka mbali ikipotea, pamoja na picha za watoto wako. Ni haki yako kuuliza kitakachofutwa ni sehemu ya kazi peke yake au vyote. Ukiipeleka simu kwa fundi, itoe akaunti ya kazi kwanza, kwa utaratibu ninaoueleza hapa chini.

Ukifika pa kufuta

Sasa, kama kivinjari kinakubali, saa ni sahihi, betri na data umeviruhusu, na bado imegoma, futa. Lakini kwanza fungua mipangilio ya akaunti usome kama imeandikwa POP. Ikiwa POP, usiifute, iende IT ikiwa hivyohivyo. Ikiwa IMAP, Exchange au Google, fungua zinazosubiri kutumwa na rasimu, unakili zilizomo. Ingia kwenye kivinjari, chagua barua ya zamani unayoikumbuka na tukio moja la wiki ijayo, hakikisha vyote viwili vipo kule. Piga picha ya skrini ya mipangilio, majina ya seva na milango. Ndipo uondoe akaunti, uzime simu na kuiwasha, kisha uiweke upya kwa aina yake sahihi.

Ikishakubali, usimalize kwa kuona barua zimeingia. Jitumie moja kutoka simuni, uijibu kwenye kompyuta. Weka tukio kwenye kompyuta dakika kumi mbele, ufunge programu zote, uiweke simu mezani skrini imezimwa na usiiguse. Kengele ikilia yenyewe kwa saa uliyoandika, andika jingine simuni, ulitazame kwenye kompyuta kama limefika kwenye kalenda ya kazi.

Mama wa uhasibu tulimfanyia hivi, safari hii bila POP, mchana uleule. Tukio la majaribio aliliandika mwenyewe, "chai, 16:00", na saa kumi kamili alinipigia kuniambia limelia.